Fundi Shaka na Metali ya Maji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, na mhandisi tayari amehesabu skrubu saba. Amesimama upande wa pili wa meza, mikono kifuani, koti halijatoka mwilini, macho hayabanduki kwenye vidole vya fundi. Kila skrubu inayotoka anaitaja kwa sauti.

"Ya nane."

"Ziko kumi na moja," fundi anamjibu bila kuinua kichwa. "Usichoke mapema."

Mwanamke anayefungua kompyuta hiyo ana miaka arobaini na mitatu, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Fundi Shaka. Hamwamini muuza vipuri. Hamwamini mteja anayesema "imezima tu yenyewe". Hata kipimajoto chake hakiamini. Anavyo viwili, ili kimoja kikidanganya, kingine kikisute.

Leo anayeshukiwa ni yeye.

Wiki kumi na moja zilizopita kompyuta hii ililetwa kutoka ofisi ya kuchora ramani za majengo ikichemka kama pasi. Fundi Shaka akaifungia bamba jipya la kupoza, akaipaka metali ya maji, na joto likashuka kutoka nyuzi tisini na sita hadi sabini na moja. Mhandisi, ambaye ndiye mkuu wa ofisi hiyo, alifurahi mno. Akaahidi kwamba ikimaliza miezi mitatu bila matata, kompyuta zote kumi na nne za ofisi yake zitakuwa mikononi mwa fundi huyu. Jana ikazima katikati ya kazi, ikagoma kuwaka.

"Mashine kumi na nne ni kama miezi mitano ya wateja wa kupita njia," anasema Fundi Shaka. "Na pango la chumba hiki linakula karibu nusu ya ninachopata. Usiniulize kama naitaka kazi ile."

Chumba chenyewe hakizidi hatua nne kwa upana. Kimebanwa kati ya duka la kunakili karatasi na cherehani ya dada mmoja mwenye mdomo mwepesi. Juu ya meza kuna taa ya shingo ndefu, brashi, chupa ya spiriti na vijiti vya pamba. Kuna pia bomba la sindano, jembamba kuliko kalamu, lenye gramu moja tu ya metali inayong'aa kama kioo. Haigandi katika joto la kawaida la chumba. Hupakwa kati ya bamba la kupoza na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na huhamisha joto haraka kuliko ile dawa ya kijivu waliyoizoea mafundi wengi. Gramu hiyo moja inamtosha mashine nne, tano akibana.

Dada wa cherehani haipendi hata kidogo.

"Jirani, hiyo zebaki yako ikinipukutisha nywele, wigi utanunua wewe?"

"Nimekwambia si zebaki. Zebaki ukiimwaga kwenye kioo inakimbia vipande vipande. Hii inang'ang'ania."

"Inang'ang'ania! Basi ndiyo mbaya zaidi."

Ukweli ni kwamba metali hiyo ina ubaya wake, na Fundi Shaka haufichi. Inapitisha umeme, hivyo tone moja likitoroka, bodi nzima inaweza kuungua. Ndiyo maana kabla ya kuipaka hufunika vijisehemu vyote vilivyoizunguka prosesa kwa rangi ya kucha.

"Rangi ya kucha?" mhandisi anauliza, skrubu ya kumi ikiwa hewani. "Mashine yangu uliipeleka saluni?"

"Na ilipendeza," anadakia kijana wa makamo aliyeketi mlangoni akipuliza vumbi kwenye feni. Huyo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayemsaidia na kumfuatia vipuri kwa wauzaji.

"Wewe nyamaza," mhandisi anamwambia. "Nimeambiwa mafundi mnang'oa vizima, mnarudishia vibovu. Nimekuja kuona kwa macho yangu."

Fundi Shaka haoneshi kukasirika. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyomfikisha kwenye kazi hii. Miaka kumi na tano iliyopita alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja. Asubuhi moja kompyuta yake ikafa, bosi wake akasema ameiharibu, na kabla ya chakula cha mchana akawa hana kazi. Hakuna aliyeifungua kutazama.

"Waliitupa jalalani, nikaiokota," anasimulia. "Nikaifungua na kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na vumbi nene kama blanketi. Ilikufa kwa joto. Mimi nilikuwa nachapa barua tu. Tangu hapo hakuna mtu atakayeniambia jambo nikaliamini kabla sijalifungua."

Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Mashine sita za kwanza, anasema, zilimfia mkononi, na zote zilikuwa zake.

Skrubu ya kumi na moja inatoka. Fundi Shaka analishika bamba kwa ncha za vidole na kulinyanyua. Linavunjika.

Halivunjiki kwa kishindo. Linameguka pembeni kama biskuti iliyokaa kwenye chai, na chini yake, pale palipopaswa kuwa na utando unaong'aa, kuna unga wa kijivu. Mhandisi anarudi nyuma hatua moja. Fundi Shaka anaisogeza taa karibu. Anajua anachokiona, kwa kuwa huo ndio ubaya wa pili wa metali ya maji: huitafuna alumini. Shaba inaivumilia, alumini haiachi salama. Bamba hili lilipaswa kuwa la shaba.

Anageuza shingo polepole kuelekea mlangoni.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Bamba hili ulilitoa wapi?"

"Pale pale pa siku zote. Ulisema shaba, nikaleta shaba. Rangi si ile? Mbona unanitazama kama mwizi wa kuku?"

"Ahaa," anasema mhandisi. "Sasa mnageukana mbele yangu. Nani kati yenu kala pesa ya shaba?"

Cherehani ya jirani imenyamaza, na si kwa sababu uzi umekatika. Fundi Shaka anavuta droo na kutoa bamba la pili, pacha wa lile lililovunjika. Siku ile yalinunuliwa mawili. Ni jekundu, limesuguliwa vizuri, linapendeza. Anachukua sindano ya kushonea na kulikwaruza mara moja. Mstari unaotokea si mwekundu. Ni mweupe.

Alumini, iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Metali ya maji ilipenya ngozi hiyo kidogo kidogo kwa wiki kumi na moja, ikakuta chakula chake.

"Muuzaji kanilaghai," shemeji anasema, pumzi zikimrudia. "Umeona? Si mimi."

Mhandisi halitazami bamba. Anatazama ukutani juu ya meza, kwenye kipande cha boksi chenye maandishi ya wino mweusi: KWARUZA KWANZA.

"Haya umeyaandika wewe?"

"Mimi."

"Na siku ile ulikwaruza?"

Swali ni fupi. Jibu jepesi lipo karibu: ndiyo, nilikwaruza upande mmoja, kumbe ujanja ulikuwa upande wa pili. Hakuna shahidi ila shemeji, na shemeji ametazama sakafu, kamwachia njia. Fundi Shaka anailaza sindano mezani.

"Sikukwaruza."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umesimama hapo hapo uliposimama sasa. Unanisifu. Unasema hujawahi kuona fundi mwepesi kama mimi. Nikaona aibu kusimama nikwaruze kwaruze kama asiyejua kazi." Anamwonyesha shemeji yake kwa kidole. "Na huyu aliniambia. Alilipima mkononi akasema, shemeji, mbona jepesi. Nikamwambia asinisumbue mbele ya mteja."

Shemeji anainua uso. "Hilo lilikuwa limeshapita, bwana."

"Halijapita. Nilikuwa nakaribia kukutwisha wewe."

Mhandisi anavua koti. Analiweka kwenye kiti, anakaa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hahesabu kitu. Fundi Shaka anasafisha unga wote, anaikagua bodi chini ya taa kwa karibu saa nzima. Rangi ya kucha imefanya kazi yake. Hakuna tone lililovuka. Prosesa nayo ni nzima, kwani mashine ilijizima kabla haijaungua. Anatoa bamba la shaba kutoka kwenye mashine yake mwenyewe anayofanyia kazi, analikwaruza mbele ya mteja, mstari unatoka mwekundu, anapaka, anafunga. Kompyuta inawaka. Vipimajoto vyote viwili vinasoma nyuzi sabini.

"Za kwako kumi na nne sahau," mhandisi anasema huku akiibeba. Anafika mlangoni, anasita. "Kesho naleta moja. Moja tu. Na bamba nitalikwaruza mimi."

"Njoo na sindano yako," Fundi Shaka anamjibu. "Yangu usiiamini."

Hiyo ndiyo mipango yake sasa: kila mteja akwaruze kwa mkono wake kabla bamba halijafungwa, na shemeji awe na ruhusa ya kumkatiza mbele ya yeyote, hata awe nani. Anataka mashine za ofisi ile azipate moja moja, kumi na tatu zilizobaki, hata kama itamchukua mwaka. Kisha ahamie chumba chenye dirisha, dada wa cherehani apumue.

Lakini mhandisi anapopotea kwenye kona, Fundi Shaka anabaki amesimama mlangoni muda mrefu, amekunja uso.

"Mtu kaliona kosa langu kwa macho yake mawili, halafu ananiletea nyingine?" anasema. "Ama yule ni muungwana kweli, ama hiyo ya kesho imeshakufa, anatafuta wa kumbebesha."

"Shemeji, mwamini mtu japo mara moja," anamwambia shemeji yake.

"Nitamwamini," anasema Fundi Shaka. "Nikishaifungua."