Shina Lililojaa Maji

Wifi yangu anabandika mimea mikavu. Msicheke, ndiyo kazi yake. Mjini kuna jengo linalotunza mimea iliyokaushwa, na yeye ndiye anayeilaza kwenye karatasi ngumu, jani kwa jani, akaipaka gundi na kuishonea uzi. Ameifanya kazi hiyo tangu kaka yangu hajamposa. Mpe jani lililokunjamana kama majani ya chai, atakutajia ukoo wake mpaka ukome mwenyewe.

Siku moja mlinzi wa msitu alipiga simu ofisini kwao. Vibarua walikuwa karibu kulima njia ya wageni hadi kwenye chemchemi, naye alikuwa ameona maua ya zambarau pale kwenye miamba yenye unyevu. Alishasikia kwamba kuna ua la asili ya msitu ule, halioti penginepo. Kama ndilo, njia ingezungushwa. Mkuu wa ofisi alikuwa kitandani na homa, akamwambia wifi, "Nenda wewe. Nani amelishika ua hilo kukushinda?"

Basi akaenda, na viatu vyake vizuri vikaharibika kwenye tope. Vibarua walikuwa wameegemea majembe, msimamizi wao anatazama saa. Wifi akapiga magoti. Ua lilikuwa zambarau inayong'aa, na mkia umejipinda nyuma kama ndoana. Shina lilikuwa nene kama kidole, limejaa maji. Ua alilolijua yeye lilikuwa la kahawia, na shina lake uzi mtupu.

Angeweza kusema, "Ngojeni nikalinganishe." Kuuliza si ujinga, jamani. Lakini walikuwa wamemzunguka, wanamwita mtaalamu, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Silo," akasema. "Lenyewe shina lake jembamba."

Msimamizi akamshukuru. Wifi akachuma moja kwa mazoea tu, akalifunga kwenye gazeti. Ofisini aliona haya kupeleka ua la kawaida, kwa hiyo akalikandamiza kwa mbao pale kwetu, nyuma ya kochi.

Lilipokauka akalifungua mbele yangu. Maji yalikuwa yameisha, shina limesinyaa likawa uzi, zambarau imegeuka kahawia, na ule mkia umelala ubavuni. Alikaa chini sakafuni. Nilidhani anaumwa.

"Ndilo," akaniambia. "Ndilo lenyewe, wifi."

Kaka yangu akamshauri anyamaze, eti yaliyopita si ndwele, nani atajua? Nikamkatia maneno hapo hapo. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na kama yeye anaogopa, mkewe nitamsindikiza mimi. Wifi hakutetea upande wowote. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Njiani hakunitazama. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Niliomba moyoni tukute wamechelewa kuanza, vibarua nao si watu wa haraka siku zote. Wapi. Njia ilikuwa imeshateremka mpaka kwenye maji, udongo umekwanguliwa, mawe yamepangwa vizuri pande zote mbili.

Mlinzi alitupokea kwa furaha. "Karibu, mtaalamu. Umekuja kuiona kazi yetu?"

"Lile ua ndilo," wifi akasema. "Nilikosea. Nisamehe, kaka."

Mlinzi akavua kofia, akaitazama njia yote, juu hadi chini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Msimamizi alitaka kumsubiri mkuu wako apone," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia neno lako linatosha."

Wifi akainamisha kichwa. Tulikwenda kando ya miamba, sote watatu, tukitafuta kwenye nyufa na chini ya majani yaliyooza. Tulipata mashina yaliyokatwa, laini, yameanza kunuka. Ua zima hatukuliona hata moja.

"Mbegu zake huchukua muda gani kuota?" mlinzi akauliza. "Hupenda kivuli au mwanga? Niambie, nitalichunga mwenyewe."

Wifi akaitazama mikono yake yenye matope.

"Sijui," akasema. "Mimi huletewa maua yakiwa yameshakufa."