Patasi za Marehemu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi niliishia darasa la nne, naandika vile naongea, na sitarudia.

Marehemu mume wangu alikuwa mchonga vinyago. Kwao, patasi za mchongaji huenda kwa wanaume wa ukoo. Mwanamke kazi yake ni kunoa na kupiga msasa, na mimi nilinoa miaka yote ya ndoa. Alipofariki, sikuzitoa. Baadaye binti mmoja wa kanisani akanionyesha kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuichapisha kwenye karatasi. Sasa kila Jumamosi nafundisha watu wanne hapa sebuleni kwangu, mtaa wa Jericho: mafundi wawili wa kushona kutoka sokoni, dereva mmoja wa mtaa wa Tena, na mama muuza mboga. Mashine hatuna. Karatasi tunailaza juu ya ubao na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

Jumamosi moja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaingia bila hodi, gunia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuchukua patasi za kaka."

Wanafunzi wakageuka. Patasi zenyewe walikuwa wamezishika. Zikienda hizo, na darasa limekwenda.

"Utazifanyia nini? Tangu uache kuchonga unashika rimoti tu."

"Mwanamke hachongi. Watu wa nyumbani wanatucheka."

"Basi keti. Mchonge ndovu kwenye ubao huu. Akitoka kwenye karatasi vile umemchora, jaza gunia lako uende."

"Shosh, leo umewasha moto!" dereva akasema; huniita hivyo kama nyanya yake.

"Wewe chonga, nyamaza," nikamwambia dereva.

Shemeji akachora kwa penseli ndovu mzuri, sikatai. Halafu akafanya kosa la wachonga vinyago wote wakija hapa: akaichimba ile mistari yenyewe. Katika kazi hii, ulipochimba wino haushiki, panabaki peupe. Unachimba kando ya mstari, mstari unauacha umesimama. Sikumwonya. Nimwonye kwa nini, na gunia analo?

Tulipobandua karatasi, ilikuwa nyeusi tii, ndani yake ndovu wa nyuzi nyeupe, mkonga umegeukia upande mwingine, kwani chapa hugeuza picha.

"Mzee," fundi mmoja akasema, "huyu ndovu wako stima zimempotelea, yuko gizani."

Wakacheka mpaka mama wa mboga akashika mbavu. Shemeji hakucheka.

"Huo ni ujanja. Nitaleta wazee."

"Walete. Viti ni vichache, wengine watasimama."

Akaenda na gunia tupu. Darasa lilipokwisha, binti yangu, ninayeishi naye na mume wake na watoto, akatoka jikoni anapangusa mikono.

"Mama, si uwape tu, tukae kwa amani? Wazee wakija tutasema nini?"

Nikawaita wote, hata mkwe aliyekuwa amelala.

"Wazee wakija, wapeni chai na mkate, wakaribisheni vizuri. Patasi msiwape hata moja. Na wewe binti yangu, Jumamosi ijayo vua hiyo aproni, ukae darasani na wenzako. Siku nikifa, wakute mikono yako inazijua."