Bwawa la Dafroza na Ng'ombe Sita

"Bwawa lako linakunywa maji kuliko ng'ombe, Machibya, halafu unasema mawe yangu ndiyo yamelitoboa?" Dafroza alishika kiuno. "Futa kauli hiyo. Na mwiko wangu unirudishie, mwaka wa nne huu tangu uazime."

"Mbeba mawe na mwiko wapi na wapi?" Machibya akajibu.

Machibya ndiye fundi. Mara tatu alikuwa amepiga plasta bwawa la bustani ya Mama Recho, mwenye nyumba ya wageni Butiama, na mara tatu udongo mweusi wa pale ulivimba, saruji ikapasuka. Jumamosi maharusi walikuwa wanakuja kupiga picha kando ya maji. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Nipe mimi, mama," Dafroza akamwambia Mama Recho, aliyekuwa akiwasikiliza.

"Wewe si unabebaga mawe tu?"

"Nabeba. Na mawe yangu hayajawahi kuvuja."

Miaka minne Dafroza alikuwa akitoka kwake Nyasho kwenda kuwabebea mafundi mawe, akaziona bustani za watu zikibadilika. Kwanza lilikuwa pipa lililokatwa nusu na kupakwa chokaa. Akaja samaki wa saruji anayetema maji. Sasa kila mwenye geti anataka maporomoko. Yeye kila akitazama, aliliona lambo la kunyweshea ng'ombe la baba yake, kule Kiabakari. Baba hakununuaga saruji. Alimwaga udongo wa kichuguu, akaulowesha, akaswaga ng'ombe waukanyage mpaka ushikane.

Alhamisi akabomoa saruji yote, akamwaga udongo wa kichuguu na kuulowesha, akaazima ng'ombe sita kwa jirani.

"Dafroza, ng'ombe kwenye maua yangu?"

"Maua yataota tena, mama. Harusi ndiyo haioti."

Ng'ombe wakakanyaga kutwa, Dafroza nyuma yao peku, akizoa mavi kabla hayajachanganyika na udongo. Jioni akajaza maji, akachomeka kijiti chenye alama.

Ijumaa asubuhi Mama Recho aliwahi kufika pale na kanga ya kulalia. Maji yalikuwa palepale kwenye alama. Dafroza akapanga mawe yake, pampu ikawashwa, maji yakaporomoka vizuri mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Machibya naye alikuwa amekuja, mfuko wa kazi begani.

"Fundi," Mama Recho akaita. Machibya akageuka, kumbe mama alikuwa anamtazama Dafroza. "Kaka yangu wa Bunda naye anataka. Utamwanzia lini?"

"Jumatatu," Dafroza akajibu, kama aliyezaliwa anaitwa fundi.

Machibya akafungua mfuko wake, akatoa mwiko.

"Mpini umevunjika," akasema chini chini.

"Naona. Mpini nimekusamehe. Lete mwiko."