Miguu Niliyoionea Haya

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumamosi nilipomwomba mama akae vilevile asitikisike. Alikuwa ametoka kuchuma kahawa, kwetu Kanyakine, miguu imo ndani ya karai la maji moto na chumvi. Starehe yake ilikuwa hiyo tu, karai na jiwe la kusugulia magaga. Mimi nilikuwa kijana wa kuchora, na kanisa lilikuwa limenipa ukuta mzima nichore Yesu akiwaosha wanafunzi wake miguu.

"Unataka kuchora hii?" Mama alicheka mpaka maji yakamwagika. "Basi chora vizuri. Hii ndiyo iliyokusomesha."

Nilichora kila ufa kwenye karatasi, hata ule ukucha mweusi. Lakini siku ya kuihamishia ukutani, woga ulinishika. Niliwafikiria wasichana wa kwaya, nikamfikiria mzee wa kanisa akiniuliza kama Petro alikuwa mchimba mitaro. Nikaichana ile karatasi. Nikafungua kitabu cha picha za Biblia kutoka ng'ambo, ambamo miguu yote ni laini kama sabuni, nikanakili hiyo. Watu wakasifu. Wee, nilijiona mkali kweli!

Jumapili mama alikuja mapema, kitambaa kipya kichwani, na jirani zake wawili. Kumbe alikuwa amewaambia waje waione miguu yake ukutani! Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akasema tu, "Imependeza." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo alifunga mlango kila alipoosha miguu. Baada ya wiki mbili nilishindwa kuvumilia, nikabisha. Nikamwambia nimekuja na karatasi nyingine, nataka kuurekebisha ule ukuta.

"Kurekebisha nini?" alijibu kutoka ndani. "Watu wameshaipenda. Wacha ikae."

Imekaa mpaka leo. Mama alikufa nikiwa sijaiona tena miguu yake. Hata siku ya mwisho aliogeshwa na akina mama wengine, mimi nimesimama nje. Ninazeeka, lakini hiyo aibu haizeeki.

Ndiyo maana jana nilikufokea, mwanangu, pale saluni kwako Meru mjini. Unaosha watu miguu vizuri, sikatai. Lakini nilikuona ukichagua picha za kuonyesha wateja kwenye simu, na ya yule mama wa Kiritiri mwenye magaga ukaifuta. Alikuwa amekuuliza mara mbili kama ametokea vizuri. Nisamehe kwa makelele. Nilikuwa najifokea mwenyewe.

Mtu akikuwekea miguu yake mikononi, usiionee haya, wala usimbadilishie na ya mwingine. Mpigie yule mama simu leo, si kesho. Mwombe arudi, umpige picha nyingine, uiweke mahali kila mteja ataiona.

Mungu aibariki mikono yako na hilo karai lako. Na akujalie nyumba ambamo mama yako hatafunga mlango ili aoshe miguu.