Mpaka Simu Iishe

Odeta alikuwa mtu wa kuitika. Ukimwita anageuka, ukimtuma anakwenda, na mteja akimtukana anaomba radhi kwa kosa la watu asiowajua. Kampuni ya ving'amuzi ilipofunga ofisi yake pale Nyamagana na kuwaambia wahudumu wapokee simu kutoka majumbani, mwenzake Amondi alipiga vigelegele. Amondi saa ya chakula ikifika anavua vifaa vya masikioni, anakula, anasinzia kidogo, wala hana habari. Odeta hakuweza. Simu isiyopokelewa ilimkera rohoni kama mgeni aliyeachwa nje juani.

Basi sebule yake ya Buswelu ikawa ofisi. Mama yake, Selina, mjane aliyetoka Bujora kuja kukaa naye, akapewa masharti siku hiyohiyo.

"Mama, ukiniona nimevaa hivi vya masikioni usiniite. Wateja wanasikia kila kitu. Subiri nimalize."

"Haya, mwanangu. Sitakuharibia kazi."

Balaa lilianzia hapo, maana Selina naye alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Angekuwa mama wa makelele, wa kugonga meza na kudai chai, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Huyu alijifunza kupika bila kugonganisha sufuria. Alijifunza kukoholea ndani ya kanga. Odeta aliona, akaumia, akajiambia Jumamosi watakaa waongee. Jumamosi ikija, anachukua zamu ya mtu aliyemwomba.

Asubuhi moja matangazo yalikatika mji mzima, simu zikamiminika. Selina akaja mlangoni, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Odeta, mteja akimfokea sikioni, aliinua kiganja: subiri. Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi uani, akaketi kwenye kigoda.

Simu zilipopungua, kivuli kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa nyumba. Odeta alimkuta palepale, mdomo umepinda, mate yanamtiririka. Macho yalimtazama bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, na huenda mama asiongee tena. Odeta alimpigia simu msimamizi wake, akitegemea kufokewa. Ruhusa akapewa hapohapo.

"Kaa naye hata mwezi," msimamizi alisema. "Mbona hujawahi kuomba ruhusa hata siku moja?"

Odeta alilia kwenye korido mpaka watu wakampisha. Hakuna aliyewahi kumnyima chochote.

Daktari aliporudi, sauti yake haikuwa kali. Alikuwa amechoka tu.

"Mmechelewa sana kumleta. Alikuwa peke yake nyumbani?"

Selina alikuwa kitandani, akiwasikiliza wote wawili.

"Hapana, daktari," Odeta alisema. "Nilikuwepo."