Bote balitoka bazima mu ndege, mimi njo nililia

Leo asubui ndege ilikosa freni, kila mutu akatoka muzima, na ni mimi peke yangu nililia.

Ile ndege ndogo yenye kutoka Shabunda iligusa chini vizuri, siye benye kungojea batu yetu tunaangalia. Kisha ikakataa kusimama. Ilipita mwisho wa kiwanja, ikaenda kulala mu shamba ya maharagi.

Pilote alitoka na hasira: "Nilibaambia babadilishe freni. Balisema zitatosha safari moja tena."

Batu banakumbatiana. Mimi naangalia mulango tu.

Bwana yangu iko kule Shabunda mu madini tangu Bahati wetu anatambaa. Sasa Bahati anaenda ku masomo. Baba yake alisema leo anakuya.

Wa mwisho kutoka ni maman moja, mutoto mu mugongo, bidon ya mawese mu mukono.

"Ni wewe Mama Bahati? Papa Bahati aliniachia nafasi yake, mutoto wangu iko mugonjwa. Alituma hii mafuta."

Nikalia. Batu bakanizunguka: "Pole, maman. Mutu wako alikufia mu ndege?"

Hapana. Hakukuya tu.

Ndugu zangu, muniambie kweli. Mutu anaweza kutamani bwana yake angekuwa mu ndege yenye ilikosa freni?

Mimi leo nilitamani.