Shanga Nilizozikata Columbus

Ni mwaka tuliokula spinachi na siagi ya karanga tukidanganyana kwamba ni sombe. Duka la Mkongomani mwenzetu pale Louisville lilikuwa limefungwa, majani ya muhogo hayapatikani, basi kila nyumba unakuta sufuria la kijani linalonuka maji, na mwenye nyumba anakwambia, "Karibu sombe." Unakula, unanyamaza. Wajukuu wanasema ulikuwa 2014. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, hesabu za miaka nawaachia wao. Najua ni mwaka wa spinachi, na ndio mwaka ambao mwanangu wa mwisho alinipigia simu kutoka Columbus kusema anaoa.

"Unaoa nani?"

"Msichana wa kazini, mama. Mnepali. Na yeye alikulia kambi ya wakimbizi kama sisi."

"Anasali wapi?"

Akakohoa. Mtoto nimemzaa mimi, kikohozi chake nakijua.

Sikwenda arusini. Nilisema mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima kama mti. Wakanitumia picha: mwanangu, niliyembatizisha mtoni, anamvika msichana shingoni shanga nyekundu, nyuzi nyingi nyembamba zimefungwa pamoja, katikati kipande cha dhahabu kirefu kama kidole cha mtoto. Kwa Kinepali wanaziita 'pote'. Mimi niliziita jina lingine. Nilipokuwa mdogo mama alinifunga hirizi kiunoni, na siku nilipookoka wazee wa kanisa waliikata kwa wembe, tukaimba. Donc, basi, nilipoona ile picha nilisema, hiyo nayo itakatwa.

Mwaka uliofuata msichana akazaa, mtoto wa kike. Mwanangu akanifuata Louisville kwa gari lake. Alihitaji mtu wa kukaa na mzazi mchana, maana yeye anapanga maboksi kwenye ghala, na mama mkwe wake anasafisha vyumba vya hoteli. Nikaenda na kitambaa changu cha kukandia. Nimekanda wazazi wengi kambini, hakuna aliyelalamika. Nikachemsha maji, nikamkanda mgongo na tumbo, naye akavumilia, mtoto wa watu, machozi yanamtoka anasema, "Asante, mama." Kiswahili kidogo alikuwa ameshafundishwa na mumewe.

Nilipofika shingoni nikamwonyesha kwa ishara: vua hii, inalowa. Akazifunika shanga kwa kiganja, akatabasamu. Kesho yake vilevile.

Mtoto naye alilia siku tatu. Ni tumbo, watoto wote hulia tumbo, mimi nimezaa saba, nilijua. Lakini mtu akitaka sababu, huiona hata kwenye kilio cha mtoto. Siku ya tatu mchana, msichana amelala kwa uchovu, nikachukua mkasi wa jikoni. Nikaomba kwa sauti ya chini. Nikakata.

Nilidhani zitadondoka kitu kimoja. Zilimwagika kama mtama, juu ya shuka, sakafuni, chini ya kabati. Nikatoka barazani nikawapigia wamama wa maombi Louisville: "Nimeikata!" Wakapiga vigelegele ndani ya simu. Nikavisikiliza mpaka mwisho.

Nikiwa bado na simu mkononi nikasikia ameamka. Niliporudi ndani amekaa kitandani, mkono uko shingoni, unatafuta. Nilingoja anitukane. Hakunitazama hata kidogo. Alichukua simu yake akampigia mumewe. Kule ghalani hawaruhusiwi kuingia na simu, basi ikaita, ikaita. Akapiga tena. Akapiga na kupiga, mtoto analia, yeye anatetemeka, mimi nimesimama hapo kama kigingi. Sikuelewa anaogopa nini. Nilifikiri nguvu ya hirizi ndiyo inamtoka.

Mama yake alifika akitoka kazini, na sare yake ya hoteli. Aliona sakafu. Akapiga magoti akaanza kuokota, moja moja, anatia kwenye kikombe. Nikataka kumsaidia. Akausogeza mkono wangu pembeni taratibu, kama unavyosogeza mkono wa mtoto kwenye moto.

Kisha mwanangu akaingia. Mkewe akaruka na kidonda chake cha uzazi, akamshika uso, akamshika mabega, akamgusa kila mahali kama anayenunua mbuzi. Kijana alipoelewa, hakukaa. Alisema nami amesimama.

"Mama, hii anavaa mwanamke ambaye mume wake yuko hai. Mume ndiye humvika. Kila asubuhi anaishika anamwombea mumewe uhai. Mume akifa, ndiyo inavunjwa."

"Nilidhani ni hirizi."

"Ungeniuliza."

"Si niliona kwa macho!"

"Uliona nini, mama? Umemwambia mke wangu kwamba mimi nimekufa. Wewe, mama yangu."

Bon. Mimi ni mjane. Baba yao alipokufa, shemeji zangu walininyoa nywele kwa wembe mkavu, na mkono ule ulioninyoa naujua mpaka leo, ulikuwa na kovu kwenye dole gumba. Nami nimekuwa mkono huo. Niliporudi Louisville, wamama waliendelea kunisifu mwezi mzima, na sikuwaambia ukweli, nikala sifa zao na spinachi yao.

Binti yangu akanichukua nikakae kwake Buffalo. Nilikaa kule tangu theluji mpaka theluji nyingine, mwanangu ananipigia Jumapili, anauliza afya, anakata. Mtoto nilimwona kwenye picha tu, ameshaota meno. Siku moja nikamwambia binti yangu anipeleke Grant Street, kwa mwanamke Mnepali anayeuza mchele, masufuria, na shanga zimening'inia ukutani. Binti akawa ananitafsiria.

"Za nani?" yule mama akauliza.

"Za mke wa mwanangu."

Akafurahi. "Vizuri! Kwetu upande wa bwana arusi ndio huleta shanga za pote. Chukua nyekundu, ndiyo ya arusi. Kijani ni ya mwezi wa mvua." Akasema Wahindi wengine huvaa shanga nyeusi na dhahabu, huziita mangalasutra, lakini maana ni moja.

Shingo yake mwenyewe ilikuwa tupu. Nikamwambia binti yangu amuulize kwa nini. Binti akanijibu meno yameumana, "Mama, angalia, fikiri." Nikafikiri. Mjane mwenzangu.

Nilichagua nyuzi nyingi kuliko zile nilizokata. Binti akanipeleka Columbus siku ya Jumamosi, ili kijana awepo. Mkwe wangu alifungua mlango mtoto akiwa begani, akanipa kiti, akanipikia chai ya maziwa. Adabu yote alinipa. Shingoni alikuwa na shanga zilezile, mama yake alikuwa amezitunga upya, zimekuwa fupi kidogo. Nyingine labda zilibaki chini ya kabati.

Mimi nimewapigia magoti Mungu na askari wa mpakani, basi. Siku hiyo nikapiga magoti kwa mtoto wa miaka ishirini na mitatu. Nikafungua karatasi. "Nilikosa, binti yangu. Hizi ndizo nilizopaswa kukuletea siku ya arusi."

Akaniinua kwa mkono mmoja, akanirudisha kwenye kiti. Akaitazama ile karatasi.

"Ya mkono wako sitaki, mama."

Mwanangu akaangalia sakafu. Binti yangu akanivuta nguo, "Mama, twende." Nikajifanya sikusikia vizuri. Nikasema, si lazima uvae, mkwe wangu, weka tu ndani ya sanduku, mtoto akikua utampa, au usimpe, weka tu. Nikaisukuma karatasi karibu na kikombe chake.

Akamhamisha mtoto bega la pili. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, akilitafuta kila neno lisije likakosewa.

"Ya mkono wako sitaki, mama."